Maziko ya Gari Lililonyamaziwa

Njia niliyopita kufika Tindiwa haina faida kwa msomaji, kwa kuwa atakayetaka kwenda huko atapotea kwa njia yake mwenyewe. Nitaanzia asubuhi yangu ya kwanza mjini, nilipomkuta mwanamume aliyevaa suti safi amesimama nje ya nyumba yake, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Nikadhani amefiwa, nikampa pole. Alinitazama kwa mshangao, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mlango wake ulikuwa unasasishwa, na si adabu kuongea ovyo mbele yake.

"Na wewe unangoja nini?" nikamuuliza.

"Funguo zimo ndani. Mke wangu yumo ndani. Chai nayo imo ndani." Alitazama saa yake, kumbe nayo ilikuwa inasasishwa. "Haikawii."

Jioni nilipita tena hapo. Alikuwa bado amesimama, ila alikuwa amevua koti.

Katikati ya mji huo upo Mnara, na kutoka kwenye Mnara huo maneno husafiri hewani, bila waya wala mjumbe, mpaka ndani ya kila kitu chenye nati: magari, majiko, mageti, pampu za maji, hata kiti cha kinyozi. Mnara ukiona kitu hakiko kinavyopaswa kuwa, hukiletea sasisho, nacho husimama papo hapo kilipo, hadi sasisho limalizike. Likimalizika, kitu chenyewe hutangaza kilichobadilishwa. Kwa muda wote niliokaa Tindiwa, tangazo lilikuwa lile lile: "Marekebisho madogo madogo na maboresho ya utendaji."

Niliyasikia maneno hayo kutoka kwa birika lililokuwa limesahau kuchemsha maji. Niliyasikia pia kutoka kwa basi ambalo breki yake ilihamishiwa mahali pa mafuta, na mafuta mahali pa breki. Wiki ile watu waligonga kuta nyingi sana. Nilipowauliza kama hawakukasirika, walinijibu kwamba kuta zenyewe zilikuwa za zamani.

Wizara ya Masasisho ilinipa mwenyeji, Bwana Tegeo, afisa itifaki. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu nyingi, aliyetembea na simu mbili ili moja ikisasishwa nyingine ishike zamu. Kazi yake ilikuwa kunionyesha nchi na, nadhani, kuniangalia nisiishike shike. Yeye ndiye aliyenipeleka bungeni, akaniketisha kwenye viti vya wageni, akanieleza mambo kwa minong'ono.

Bunge la Tindiwa lina vyama viwili. Kimoja ni Chama cha Nimekubali, kingine ni Chama cha Nikumbushe Kesho. Majina hayo yanatokana na desturi ya nchi: kila kitu kinapomaliza kusasishwa humsomea mwenyewe masharti, na hakiamki mpaka mwenyewe aseme "nimekubali". Masharti ni marefu. Upo uvumi wa mtu mmoja aliyeketi mbele ya pasi yake akiwa kijana ili ayasikilize mpaka mwisho, na kwamba hadi leo anasikiliza, na nguo zake zina mikunjo.

Siku hiyo wabunge walikuwa wanajadili kama ingefaa masharti yasomwe bungeni angalau mara moja. Msemaji wa Nikumbushe Kesho alisimama akapiga meza kwa hasira, akadai jambo zito kama hilo liahirishwe. Msemaji wa Nimekubali akapiga meza kwa hasira zaidi, akasema wananchi wamechoka na uahirishaji, wanataka masharti yapitishwe leo leo bila kusomwa. Walirushiana maneno makali hadi spika akawatishia kuwatoa nje.

"Na wanaokataa wanakaa upande gani?" nikamuuliza Tegeo.

"Kukataa nini?"

"Kukataa tu. Kusema hapana."

Bwana Tegeo alifikiri kwa dhati kabisa. "Hakuna kitufe hicho," akasema.

Hapo ndipo alipoingia Bi Kibibi Mandai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono ya mtu aliyezoea kubadilisha matairi, na alikuja kupinga kifo cha gari lake. Nami ilinibidi nielezwe kifo hicho kabla sijaelewa lolote.

Ni kwamba magari yakizeeka, Mnara huacha kuyasemesha. Hauyaletei tena sasisho. Watu wa huko huita hali hiyo kunyamaziwa, na sheria yao inasema kitu kilichonyamaziwa kimekufa. Kina siku ya matanga, kina maziko, na mwenyewe hupewa pole mitaani. Gari la Bi Kibibi, pikapu ya bluu yenye mlango mmoja wa kijani, lilikuwa limenyamaziwa.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Bi Kibibi, "gari langu halijafa. Nimekuja nalo. Liko hapo nje."

Waziri wa Masasisho, Mheshimiwa Sembwana, alikuwa mtu mnene mwenye huruma, ambaye machozi yake yalikuwa karibu. Aliinuka taratibu. "Pole sana, mama. Wafiwa wengi husema hivyo siku za mwanzo."

"Linanguruma, hamlisikii?"

Tulilisikia sote. Alikuwa ameliacha likiwaka, kwa sababu mumewe alikuwa ndani yake na dirisha halikupanda vizuri bila injini.

"Tunalisikia," alikiri Waziri. "Lakini tusidanganyane, mama yangu. Kitu kilichonyamaziwa hakitembei. Kinaonekana kutembea."

Wabunge wa pande zote mbili waligonga meza kwa kuridhika. Bi Kibibi akasubiri zinyamaze, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa kuwa ndiyo maneno ya kwanza niliyoyaelewa tangu nifike nchi ile.

"Mume wangu figo zimekwisha. Kila wiki anasafishwa damu hospitali. Magari yenu mapya yakipata sasisho yanasimama popote. Safari iliyopita tulikwama darajani mpaka mashine za hospitali zikazimwa, nikamrudisha nyumbani amevimba mpaka usoni. Hili langu halisimami, kwa sababu Mnara hauna habari nalo. Keshokutwa ndiyo zamu yake. Mkilizika gari hili, mnamzika na yeye."

Mheshimiwa Sembwana alitoa kitambaa akajifuta macho, na sikuona unafiki ndani yake, alilia kweli. Msemaji wa Nikumbushe Kesho akapendekeza kwamba kifo cha gari kiahirishwe. Hoja ikashindwa kwa kura chache. Kisha Waziri akatangaza kwamba kwa kuguswa na maelezo ya mfiwa, Serikali italizika gari hilo kesho kwa heshima zote, pamoja na kwaya.

Bi Kibibi alitoka bila kuaga. Nilitaka kumfuata nje, lakini Bwana Tegeo alinishika mkono akaniambia kwamba wafiwa huachwa peke yao kwanza.

Maziko yalifanyika saa za mchana, kwenye Kilima cha Kimya, ambako vimelazwa vitu vyote vilivyonyamaziwa: majokofu, redio, lifti kadhaa na mashine za kufulia. Utaratibu ni kwamba maiti huvutwa kwa kamba na gari la Serikali, na ndugu wa karibu hukaa kwenye usukani ili isiyumbe njiani. Bi Kibibi alikaa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa mumewe, Mzee Nyange, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Alikuwa mzee mrefu aliyekonda mwili na kuvimba miguu, na macho yake yalicheka hata alipokuwa amenyamaza.

Tulikuwa katikati ya mlima sasisho liliposhuka. Gari la kuvuta lilisimama. Gari la Waziri nalo likasimama, pamoja na la kwaya, la wapiga picha, na greda lililokuwa linakuja nyuma kufukia kaburi. Watu wote wakashuka kwa adabu, wakasimama kando ya magari yao, mikono nyuma, vichwa chini. Jua lilikuwa kali. Mheshimiwa Sembwana alitiririka jasho hadi kola ya shati ikalegea.

Sijui tulisimama muda gani. Najua tu kwamba Bi Kibibi ndiye aliyechoka kwanza. Alishuka, akafungua kamba kwenye bampa, akaitupa kando, akarudi kwenye usukani na kugeuza ufunguo. Gari likakohoa, likawaka.

"Wanaokwenda mazikoni wapande," akasema dirishani.

Watu walitazamana. Kisha wakamtazama Waziri. Na Waziri akatazama kilele cha mlima, akatazama jua, akavuta suruali yake juu kidogo na kuwa wa kwanza kupanda.

"Tunapanda?" nikamuuliza Tegeo.

"Hatupandi," alinisahihisha, huku akikunja suruali ili akanyage tairi. "Tunausindikiza mwili kwa karibu."

Nyuma ya pikapu tulijaa sote, viongozi na kwaya na mpiga ngoma. Kwaya haikuacha kuimba wimbo wa maombolezo, na gari lilipokanyaga shimo njiani wimbo nao uliruka ukaendelea. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza alisema springi zake bado nzuri, halafu akajishika mdomo. Tulipofika juu tulishuka tumejaa vumbi la njia, tukajipanga kuzunguka kaburi. Lilikuwa limechimbwa vizuri, lina mteremko upande mmoja wa kuingizia.

Mheshimiwa Sembwana alisoma risala. Alisema marehemu alikuwa gari la watu, lililobeba bila kuchagua, lisiloacha mtu njiani mpaka siku yake ya mwisho. Alilia tena. Halafu, kama sheria inavyotaka, akauliza mbele ya wote: "Je, yupo aliyemwona marehemu akitembea?"

Nilitazama nyuso zile moja moja. Mpiga ngoma alikuwa anajipangusa vumbi kwenye nyusi. Sikuamini. Nikainua mkono.

"Mimi nimemwona," nikasema. "Sote tumemwona. Ametuleta sisi hapa."

Waziri alimwinamia Tegeo, wakanong'ona. Kisha akanigeukia kwa upole, akaeleza hadhira kwamba mgeni wetu ni mtu mwema, ila macho yake yalitengenezwa kwao na hayajawahi kusasishwa, kwa hiyo anaona mambo kama yanavyoonekana huko kwao. Watu walinionea huruma. Nilikasirika mno, nikatamani kumvua Mheshimiwa viatu vyake nimwonyeshe kwamba soli hazikuwa zimekwaruzwa na mawe ya mlima, na sikufanya hivyo kwa sababu tu Tegeo alikuwa amenishika tena mkono.

Ndipo Mzee Nyange, ambaye alikuwa bado ameketi ndani ya gari, akatoa kichwa dirishani.

"Samahani, Mheshimiwa. Nina swali dogo tu. Kama gari halikutembea, mimi nimefikaje hapa?"

Swali hilo liliwatia wasiwasi. Waziri, Tegeo na mwanasheria wa wizara walikwenda kando, wakakaa huko, wakabishana kwa vidole. Bi Kibibi alimshika mumewe bega. Nilifurahi, nilidhani wamebanwa. Waziri aliporudi uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Hakufika," alitangaza. "Mzee Nyange yuko nyumbani, amepumzika. Sote tunamwombea nafuu."

"Amina," wakaitikia watu.

Tegeo akatuma habari hiyo kwenye Mnara kwa ile simu iliyokuwa macho. Tangu wakati huo hakuna aliyemtazama tena Mzee Nyange. Vijana wa kwaya walimtoa garini bila ugomvi, kwa uangalifu wa watu wanaohamisha kabati, wakamketisha juu ya kaburi la mashine ya kufulia. Alipowashukuru hawakumjibu. Gari likasukumwa kwenye mteremko mpaka chini. Kila mtu akatupa gao la udongo, kazi iliyobaki ikaachiwa greda, ambalo lilikuwa bado limelala chini mlimani.

Baadaye magari yakaanza kuamka, yakapanda kuwachukua wenyewe. Kila dereva alisikika akisema "nimekubali". Bi Kibibi alimwinua mumewe, nikamsaidia, tukamfikisha kwenye gari la Waziri. Alipoweka mguu ndani, gari likasema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Abiria huyu yuko nyumbani." Tukajaribu la pili. "Abiria huyu yuko nyumbani." La kwaya lilisema hivyo hivyo, na likaongeza kumtakia nafuu.

Bwana Tegeo alikuja karibu. Hakuweza kututazama machoni.

"Bi Kibibi, panda wewe basi," akasema. "Si vizuri kumwacha mgonjwa peke yake nyumbani muda wote huu."

Nadhani alisema kwa wema. Bi Kibibi alimtazama hadi Tegeo akarudi nyuma, akaingia garini na kuondoka na wenzake. Mimi nilibaki. Wizara ilikuwa imenichosha.

Wachimba kaburi walikuwa wameacha toroli. Tulimweka Mzee Nyange humo, tukatandika khanga ya mkewe chini ya miguu yake, tukaanza kushuka, mimi nikishika mpini mmoja na Bi Kibibi mwingine. Nyumba yao ilikuwa chini ya mlima ule ule. Bi Kibibi alikuwa analia bila sauti, na machozi yalimdondokea kidevuni kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

"Polepole tu, mama," Mzee Nyange akamwambia. "Hakuna haraka. Nasikia nyumbani nipo, nitatufungulia mlango."

Bi Kibibi alicheka huku analia, ikambidi asimame. Nami nikacheka. Mzee akacheka mpaka toroli likayumba.

Tulipofika, Bi Kibibi aliweka kiganja chake mlangoni. Mlango haukufunguka. Akajaribu tena.

"Mzee Nyange amepumzika," mlango ukasema. "Ameagiza asisumbuliwe."

"Nani kaagiza?" akauliza Mzee kutoka kwenye toroli.

"Tafadhali msipige kelele. Kuna mgonjwa ndani."

Tulijaribu kuuelewesha. Bi Kibibi aliuambia jina lake, jina la mama yake, mwaka waliohamia. Mlango ulimpa pole ya msiba wa gari. Nikaupiga teke, nikaumia kidole, na mlango ukasema marekebisho madogo madogo yangefanyika. Sijapata kuchukia ubao kama nilivyouchukia ule.

Bi Kibibi alikaa chini kwenye ngazi. Aliitazama miguu ya mumewe, ambayo ilikuwa imeanza kung'aa kwa uvimbe, akaibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Kisha akainuka, akazunguka nyuma kwenye bustani, akarudi na jembe na koleo.

"Mgeni," akaniambia, "mikono hiyo imewahi kushika jembe?"

"Imewahi."

"Basi twende kabla halijaja greda."

Nikamuuliza kama tumwache Mzee kwa jirani. Mzee mwenyewe akakataa. Alisema yule aliyepumzika ndani ameshapata wa kumlinda, huyu wa nje anakwenda na mkewe.

Greda tulilikuta katikati ya mlima, limeamka, limepanda kidogo, limepatwa na sasisho jingine. Dereva wake alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kichwa chini. Tulimpita na toroli letu, na hakuinua macho. Magao ya udongo ya viongozi hayakuwa mengi. Tulilifukua gari kabla jua halijazama, tukalisukuma kidogo, likakohoa udongo, likawaka. Hatukurudi kwenye ule mlango. Tulilala ndani ya gari, watatu kwenye kiti kimoja, Mzee Nyange katikati.

Asubuhi tulishuka mjini. Magari mengi yalikuwa yamesimama barabarani na watu wao wamesimama pembeni, nasi tulipita katikati yao bila mtu kutuzuia, kwa kuwa kumzuia marehemu kungekuwa kukiri kwamba anatembea. Askari mmoja alitupisha kwa mkono, akajifanya anajikuna kichwa.

Hospitalini, muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama kioo cha orodha ukutani. Akamtazama Mzee Nyange, ambaye tulikuwa tumemshika huku na huku na pumzi zake zilikuwa zimeanza kukwaruza. Akatazama miguu. Halafu akasema kwa sauti kubwa, ya kusikika chumba kizima:

"Mzee Nyange hakuja leo. Yuko nyumbani, amepumzika."

Bi Kibibi alifungua mdomo. Nilijua kwamba kama angesema, asingenyamaza tena siku hiyo.

"Kwa hiyo," muuguzi akamkatiza, "kitanda chake kiko wazi na mashine yake haina mtu. Mlazeni huyu hapo."

Tukamlaza. Muuguzi akachukua sufuria kubwa la jikoni kutoka chini ya meza, akaifunika nalo pembe ya mashine, ile inayosikiliza Mnara, ili sasisho lisiingie, akalibana kwa tofali ili lisianguke. Kisha akakunja mkono wa shati la Mzee Nyange, akaanza kutafuta mshipa.